Kwa Nini Mdogo Husema Kwanza

Hapo kale, wazee walipokuwa wakisema mpaka jua linachoka kuwasikiliza, mkutano ulikwenda kwa mvi. Mwenye mvi nyingi alianza, akafuata mwenye chache, na vijana walikaa mwisho wakingoja zamu yao. Jua likizama, mkutano umefungwa. Basi zamu ya vijana haikupata kufika hata mara moja, wala hakuna aliyeona ajabu.

Ulikuwapo mlima mmoja wenye nchi mbili, moja upande wa machweo na nyingine upande wa mawio. Kila nchi ilikuwa na lugha yake, mzee wake na ndiva yake, yaani bwawa la udongo linalojaa usiku ili maji yafunguliwe mashambani asubuhi. Chemchemi ya kuzijaza ndiva hizo ilikuwa moja tu, juu kwenye mgongo wa mlima. Kazi ya pamoja ya kutunza mfereji wa kuyaleta maji iliitwa msaragambo. Pembe ikilia, kila mwenye mikono alitoka na jembe lake, na ilikuwa mwiko kuuliza ni nani aliyeipiga kabla hujafika kazini. Kuitikia pembe ya jirani kulihesabiwa usaliti. Upande wa machweo, pembe ilitundikwa kwenye nguzo ya baraza ya mzee Kajiru, na mwingine akiigusa alihamishwa mlimani, yeye na waliomzaa.

Mwaka mmoja jabali liliporomoka likaziba jicho la chemchemi. Ndiva zikakauka huku na huku. Nakijwa, binti wa miaka kumi na saba wa upande wa machweo, alikuwa amekwisha kupanda na mama yake maharage yao yote, hata kibuyu cha mbegu walikikung'uta. Miche ilikuwa na majani mawili mawili. Ikinyauka, hawakuwa na la kula mwaka ule wala la kupanda mwaka wa pili.

Nakijwa alizoea kukata majani ya mbuzi juu mlimani, na huko alikuwa na rafiki, Mghoi, binti wa upande wa mawio. Walifundishana lugha tangu utotoni, wakianza na matusi kama watoto wote. Sasa waliketi pamoja wakiwatazama watu wazima wakifanya kazi. Siku moja watu wa machweo walipanda, wakalisukuma jabali kutwa nzima, likasogea nusu hatua kuelekea mawio. Wakashuka wakiimba. Kesho yake watu wa mawio wakapanda, wakalisukuma nusu hatua kuelekea machweo, nao wakashuka wakiimba. Hivyo hivyo kwa siku kumi. Mzee Kajiru alisema mlima umeingiwa na kiburi. Mghoi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia kweli, maana kwao pia kulikuwa na mashamba.

Nakijwa alishuka akaenda mkutanoni. "Shikamooni, wazee wangu. Naomba niseme neno moja tu."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu mzee Kajiru kwa upole. "Zamu yako inakuja."

Jua likazama. Siku ya pili akarudi, likazama. Siku ya tatu mzee mmoja alisimulia ukame wa enzi za babu yake tangu adhuhuri, na jua likazama naye hajafika kwenye mvua. Nakijwa alirudi nyumbani akakuta mama yake amepiga magoti shambani, anainyeshea miche kwa maji ya kunawia. Moyo ulimuuma. Aliogopa kuhamishwa, tena aliogopa sana, lakini aliona kwamba njaa ingewahamisha vilevile.

Asubuhi alipanda akaonana na Mghoi, wakapatana. Jua lilipofika utosini, Nakijwa aliingia barazani kwa mzee Kajiru mbele za watu, akaitungua pembe, akaipuliza. Upande wa pili Mghoi akaitika kwa pembe ya kwao. Watu wakashika majembe, na kwa kuwa kuuliza ni mwiko, hakuna aliyeuliza. Wakapanda mlima kutoka pande zote mbili, wakakutana uso kwa uso penye jabali, kila mmoja akimtazama mwenzake kama mwizi.

"Wazee wangu," akasema Nakijwa, pembe mkononi, "siku zote hizi sisi tunalisukuma kwenda kwao, na wao wanalisukuma kuja kwetu."

Mghoi akayarudia kwa lugha ya kwao. Kisha mzee wa mawio akaanza kucheka, akacheka hata fimbo ikamponyoka, na mzee Kajiru akatazama chini kwa aibu.

Njia iliyofaa ilikuwa ya tatu, kuelekea korongoni, lakini ilipandisha kidogo na nchi moja isingeiweza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Waliegemeza mabega pamoja, wakihesabu kwa lugha mbili, jabali likapanda, likasita, likaangukia korongoni. Maji yakatoka.

Mzee Kajiru akanyoosha mkono. "Lete pembe, binti yangu. Tumekusamehe."

Nakijwa hakuitoa. "Sikuomba msamaha, babu. Naomba zamu. Mkitaka pande hizi mbili tuwe chama kimoja cha kuyatunza maji haya, mdogo aseme kwanza, jua likiwa bado juu. Hilo msipolikubali, nitaondoka na pembe hii na mama yangu, na maji mmekwisha kuyapata."

Wazee wakanong'onezana, nusu yao wamekasirika. Mzee Kajiru aliyatazama maji. Hatimaye akaketi chini, akajishika kidevu, akasema, "Haya, tunakusikiliza."

Na tangu siku hiyo, watu wa mlima ule wakawa chama kimoja chenye lugha mbili, na nchi nyingine zikaja kujifunza na kujiunga. Hadi leo, wajumbe wa vyama vya ushirika vya mataifa wanapokutana kwenye mlima ule, hawafungui mkutano kwa mvi. Kijana hupiga pembe, kisha mdogo kuliko wote husimama akasema, na hakuna anayemkatiza. Wapo wazee wanaonung'unika mpaka leo. Hunung'unika kwa sauti ya chini, wakingoja zamu yao.