Blanketi la Akina Mama Tisini na Sita

Mtu mmoja alikuwa na shukrani iliyomjaa moyoni hata hakujua pa kuiweka. Jina lake Ambakisye, fundi cherehani wa kijiji cha milimani, kule ambako baridi humfuata mtu hadi kitandani. Miaka sita nyuma mkewe, Sekela, alijifungua kwa taabu kubwa. Mkunga wa zahanati, Bibi Tupokigwe, hakubanduka kando yake siku mbili, na mama na mtoto wakatoka wazima. Tangu hapo Ambakisye alimshonea mkunga yule gauni kila Krismasi, na kila Krismasi akarudi nyumbani akiona bado hajashukuru.

Bibi Tupokigwe alipokaribia kustaafu, akina mama aliowazalisha walipatana jambo. Kila mmoja akate kipande cha kitenge alichopokelewa nacho mtoto wake, vipande viungwe viwe blanketi moja la kumfunika mkunga uzeeni. Vikapatikana tisini na sita. Vingine vilikuwa bado na rangi kali, vingine vimefuliwa hata maua yake ni ya kukisia tu. Kimoja kilitoka kwa Tusajigwe, ambaye mtoto wake hakuishi. Alikileta amekikunja ndani ya leso, akakiweka katikati ya vingine, akaenda zake. Wakaviunga kwa sindano ya mkono, kila mama kadiri alivyojaliwa, mwingine mshono umenyooka, mwingine umekwenda upande. Kisha wakampelekea Ambakisye atandike pamba katikati na shuka chini, apitishe mishono ya cherehani ya kushikilia matabaka yote matatu. Mishono ya namna gani, wakamwachia achague mwenyewe.

Hapo fundi akaona amepata pa kuumimina moyo wake. Sifa yake ilikuwa mawaridi. Hata vitambaa vya madhabahu vililetwa kwake kutoka parokia za mbali. Akachagua uzi mwekundu wa kung'aa, akapiga bandi ya kushikiza matabaka kwa muda, akaanza katikati kabisa, kwenye kipande cha Sekela na cha jirani yake. Akashona mawaridi manene, yaliyobanana, yakivuka kutoka kipande hadi kipande bila kujali ni cha nani. Ilikuwa kazi safi, tusimwonee. Alikanyaga cherehani machozi yakimlengalenga, maana kila waridi alilishona akikiwaza kitanda kile cha zahanati. Siku ya tatu robo ya blanketi ilikuwa imekwisha.

Sekela alikuja kumwita kula. Aliinama juu ya kazi ile, akapitisha kidole polepole, akitafuta kipande cha Tusajigwe. Hakukiona.

"Baba Ipyana," alisema, "wewe umeshashukuru. Hawa wenzako watashukuru lini?"

Fundi alikasirika, kama mafundi wanavyokasirika wakiambiwa kweli na mtu asiyejua hata kutunga uzi kwenye cherehani. Ugali ukapoa. Lakini alipotazama tena, aliona vipande ishirini na vinne vimegeuka kitambaa kimoja, nacho ni chake. Akajaribu kukikunja kile alichokwisha kushona, kikakataa kukunjika. Uzi ulikuwa mwingi mno, pamba imekuwa ngumu kama boksi. Blanketi la namna ile lisingempa joto mzee yeyote. Na sherehe ilikuwa Jumapili.

Akaanza kufumua. Alifumua kwa ncha ya wembe, tundu kwa tundu, siku tatu nzima, akiogopa kuzichana nguo za watu. Kipande cha Sekela kilibaki na vitundu visivyojiziba. Akakiacha hivyo hivyo.

Ndipo akafanya jambo ambalo lilipasa kuwa la kwanza: akaviangalia vipande kimoja kimoja, hiki kimechakaa kiasi gani, hiki kinahimili nini. Akachukua uzi wa rangi ya majivu. Akapitisha mshono mmoja mwepesi kando ya mishono ya akina mama, na pale mkono wa mama ulipopinda, naye akapinda. Kipande cha Tusajigwe alikizunguka pembeni tu. Ndani hakugusa.

Jumapili Bibi Tupokigwe alitandaziwa blanketi magotini, nalo likamlalia laini. Akaanza kuvishika vipande na kutaja majina. Huyu alitanguliza matako, huyu alizaliwa siku ya mvua ya mawe, huyu sasa ni dereva wa lori na bado hajui kusalimia. Watu wakacheka hadi wakafuta macho. Alipofika kwenye kipande cha Tusajigwe, akakifunika kwa kiganja. Aliinua uso, akamtafuta Tusajigwe katika umati, akamnyooshea mkono. Tusajigwe akaja, akaketi ubavuni pake, na mkunga akamfunika naye kwa blanketi lile lile.

Hakuna aliyeuliza mishono ni ya nani. Ambakisye alikuwa amesimama nyuma kabisa, amembeba mwanawe mabegani, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto huyo azaliwe aliona shukrani yake imefika. Alifurahi kupita kiasi.

Ndugu zangu, hakuna kati yetu aliyekabidhiwa kitambaa kitupu. Nyumba, usharika, kijiji, vyote tumevipokea vikiwa vimekwisha kuungwa na mikono ya wengine. Je, atakayeifunua kazi yako kesho atawaona watu waliomo, au atauona uzi wako tu?