Gurudumu la Mbele Kushoto

Kisa hiki kimenifikia jana kikiwa kimeshapita simu nyingi. Nimeondoa salamu na maua, nimeacha kisa chenyewe. Kama nyumbani kwenu kuna mtu mnayemwogopa, msomee kwa sauti. Kama unaona hayupo, jichunguze vizuri, huenda ni wewe.

Huko Rungwe alikuwepo mwalimu mstaafu, jina lake Ambakisye. Mtu msafi, shati limenyooka, suruali ina mstari. Hakuwa mlevi wala hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kununa. Ukimwambia neno asilolipenda, anasusa chakula na nyumba nzima inaanza kutembea kwa kunyata.

Mkewe, mama Tusekile, alimwambia siku moja, tena kwa upole, "Baba Gwamaka, lile gurudumu la mbele kushoto kila baada ya siku mbili unalijaza upepo, na pancha haionekani. Si ulipeleke kwa fundi?"

"Umekuwa dereva lini?" Mwalimu akauliza.

Basi. Alisusa kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi. Ugali unaletwa, ugali unarudi. Mama wa watu akaomba radhi kwa kosa asilolijua, na tangu hapo akawa anapima neno mara tatu kabla ya kulitoa.

Waliishi na mkwe wao, Atupele, mke wa mtoto wao Gwamaka aliyekuwa kazini Geita. Baba yake Atupele ni fundi wa kuziba pancha kando ya barabara, na binti alikulia hapo hapo kwenye matairi. Kwa desturi ya zamani ya kwao, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, wala hasemi naye. Akimwona anakuja, anapisha njia. Siku hizi wengi wameacha. Mwalimu hakuacha, tena alijivunia. Akitaka maji ya kuoga, anamwambia mkewe, mkewe anamwambia Atupele, na jibu linarudi kwa njia ile ile, hata kama wote watatu wapo uwanja mmoja na wanasikiana.

Sasa, Mwalimu alikuwa na gari dogo jeupe, kuukuu lakini linang'aa. Kilichomtia aibu ni rimu. Zilikuwa zimechubuka na kuingia weusi wa miaka. Mdogo wake Anyosisye wa Kyela alimtania mbele za watu, "Kaka, gari lako limevaa suti, chini limepiga ndala!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu naye alicheka, lakini moyoni utani ule ulimchoma.

Ikaja harusi ya binti wa Anyosisye, na Mwalimu ndiye msemaji wa ukoo. Akaapa kwamba safari hii hakuna mtu atakayemcheka. Akanunua msasa, brashi ya waya, makopo manne ya rangi ya fedha ya kupulizia, na kopo la fila, ule udongo ambao mafundi wa bodi wanazibia mabonde. Kwa fundi hakwenda. Mwalimu mzima akamlipe mtu kupaka rangi?

Jumatano alifungua magurudumu yote, akalipandisha gari juu ya mawe, akayaosha kwa sabuni na kuyasugua mpaka vidole vikatoka malengelenge. Jioni akayaegemeza ukutani, akaenda mazoezi ya kwaya.

Alhamisi asubuhi, akilipitishia msasa lile la mbele kushoto, upande wa ndani, akaona mstari. Mwembamba kama unywele, umetoka ukingoni umeingia katikati. Akaugusa kwa ukucha, na ukucha ukakwama.

Ndugu yangu, Mwalimu alijua kusoma. Alikaa na lile gurudumu mapajani kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mkwaruzo tu huu," akafungua kopo la fila.

Alikuwa anaisawazisha ile fila mama Tusekile alipotoka jikoni. Akasimama, mikono ndani ya kitenge. Mwalimu hakuinua kichwa.

"Sema."

"Mkwe wetu ameyaona hayo magurudumu."

"Enhe?" Paji la uso likaanza kukunjamana. "Anasemaje?"

Mama akaangalia msasa, akaangalia lile paji.

"Anasema... anasema yanapendeza."

Uso wa Mwalimu ukakunjuka. "Umeona? Mtoto wa fundi huyo, anajua kitu kizuri akikiona!" Akaingia kazini kwa furaha. Alikata majalada ya madaftari ya zamani ya wanafunzi wake, akayachomeka kuzunguka rimu ili rangi isiguse tairi. Akapuliza mkono wa kwanza wa rangi, akaacha ukauke. Wa pili, wa tatu. Mchana huo alikula sahani mbili.

Ijumaa magurudumu yalirudi garini, na majirani wakaja kushangaa. "Mwalimu, umenunua mapya?" Yeye anafuta vumbi lisilokuwepo, anatabasamu. Sifa zile zilimlewesha kuliko pombe ambayo hakuwahi kuionja.

Jumamosi alfajiri waliondoka wawili, yeye kwenye usukani na mkewe kushoto kwake, amevaa kitenge kipya, zawadi ya bibi harusi mapajani. Atupele alibaki kulinda nyumba.

Kwenye mteremko wa kwenda Kyela, palipo na kona, rimu ya mbele kushoto ilipasuka. Gari likaacha barabara, likaangukia upande wa kushoto ndani ya korongo.

Mwalimu alivunjika mfupa wa bega. Mama Tusekile hakufika hospitali.

Anyosisye ndiye aliyevileta vipande vya rimu nyumbani, msiba ukiwa bado umejaa watu. Aliviweka uani, na utani wake wote ulikuwa umemwisha. Ufa ulikuwa umepita katikati ya fila kama kisu kwenye mkate. Pembeni yake rangi ya fedha ilikuwa inang'aa, haijachubuka hata kidogo.

Matanga yakaisha, watu wakatawanyika, Gwamaka akarudi kazini. Siku ya pili yake, Mwalimu hakuweza tena kujizuia. Alisimama mlangoni pa jiko, mkono mmoja umefungwa shingoni, akavunja desturi aliyoilinda miaka yote.

"Wewe! Mtoto wa fundi pancha! Umelala nyumba moja na ufa ule, umeyaona magurudumu kwa macho yako, ukasema yanapendeza! Ulitaka tufe?"

Ndani, Atupele alijifunika kitenge kichwani na kugeukia ukuta.

"Baba, sikusema yanapendeza."

"Mke wangu aliniletea maneno yako! Unamsingizia marehemu?"

"Simsingizii." Akakivuta kitenge zaidi usoni. "Ile Jumatano ulipokwenda kwaya, nililimwagia maji ya sabuni. Povu likawa linachemka kwenye ule mstari. Nikamwambia mama, mwambie baba hili halipakwi rangi, hili linatupwa. Mwambie asisafiri nalo. Asubuhi ya harusi nikamuuliza, 'Mama, ulimwambia?' Akaniambia, 'Nilimwambia, mwanangu. Ameshatengeneza.'"

Mwalimu akashika mwimo wa mlango. Alikumbuka mikono ndani ya kitenge, na yale macho yaliyotazama msasa, kisha yakamtazama yeye. Alikumbuka na zile siku za kususa ugali.

"Sasa kwa nini hukuja kuniambia mwenyewe?" akauliza, na safari hii hakupiga kelele.

"Ningekujaje, baba? Hata sasa naongea na ukuta."

Mwalimu alilia. Mzee mzima alilia kwa sauti, mlangoni pa jiko, mchana. "Geuka, mwanangu," akasema. "Mwiko nimeuondoa mimi mwenyewe. Kuanzia leo sema nami, niambie lolote."

Atupele hakugeuka. Yule aliyekuwa anampenda katika nyumba ile alikuwa ameshazikwa, na ruhusa ilikuwa imechelewa. Alipakua chakula, akakiweka kizingitini uso ukiwa bado umefunikwa, akagonga mara mbili kama alivyofundishwa siku ya kwanza alipoolewa, akatokea mlango wa nyuma.

Mwalimu akakaa peke yake, akala. Hakususa, kwani angemsusia nani? Mboga haikuwa na chumvi. Alitazama huku na huku, halafu akaendelea kula vile vile, maana hapakuwa tena na mtu wa kumtuma akaseme.

Funzo: Usijisifu kwamba nyumbani kwako hakuna anayekupinga. Ukiwaadhibu watu kwa kukuambia ukweli, watajifunza kukupakia rangi juu ya kila ufa, na siku utakapopasuka atakayeumia ni yule aliyekaa karibu nawe.