Hapo Pana Mwenyewe

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kinyonge? Sogeeni, nafasi ipo. Leo nawapa kisa cha watu walionyimana nafasi.

Hapo zamani, babu zenu hawajazaliwa, palikuwa na kijiji chenye kanisa, na kanisa lilikuwa na desturi yake. Mtu akifa, mahali alipozoea kukaa panatandikwa kitambaa cheupe. Hapakaliwi tena. Ni heshima, walisema. Wakafa wazee, vikatandikwa vitambaa. Wakafa wengine, vikatandikwa vingine. Mabenchi yakajaa marehemu.

Kengele ikilia, nge! nge! nge!, vijana wanakuja. Wakitaka kukaa, Anyosisye, mzee wa kanisa, anawanyooshea kidole.

"Hapo pana mwenyewe."

Wakasimama, wakachoka, wakaenda zao. Halafu wazee hao hao wakalalamika kwamba vijana hawampendi Mungu.

Bibi Damari alibatizwa humo, akaolewa humo. Hamu yake ilikuwa moja tu, wajukuu zake waimbe humo na yeye awasikie. Jumapili moja Tusekile, mjukuu wake, aliingia na mtoto mchanga mgongoni. Akaketi.

"Binti, hapo pana mwenyewe," akasema Anyosisye.

"Lakini ni pa babu yangu."

"Ndiyo maana."

Bibi Damari akainuka. Akakivuta kitambaa cha mumewe, fyuu! Akamfunika nacho mtoto.

"Kaa, mjukuu wangu. Babu yako angekupisha."

"Bibi Damari, unamvunjia marehemu heshima."

"Wewe unamjua kuliko mimi niliyempikia?"

Tangu siku hiyo Bibi Damari aliacha benchi lake, akatandika mkeka mlangoni. Kengele ikilia, nge! nge! nge!, anamshika mkono kila anayekuja. "Karibu mwanangu, kaa." Mkeka ukajaa, ukaongezwa mwingine. Nyimbo zikarudi, na Bibi akazisikia. Wazee walinuna, ila waliuogopa mdomo wake.

Kisha Bibi Damari akafa.

Walimlilia sana, na Anyosisye alilia kuliko wote. Akasema huyu tumheshimu kuliko wengine. Wakakunja mikeka. Wakaleta kitambaa kirefu kuliko vyote, wakakitandika mahali pake, mlangoni, kizingiti chote. Wao wazee wakawa wanapita mlango mdogo wa nyuma, wa mchungaji.

Kengele ikalia. Nge! nge! nge! Tusekile akaja, mtoto sasa anatembea. Akasimama mbele ya kitambaa.

"Mzee, bibi alinikaribisha hapa hapa."

"Ndiyo maana," akajibu Anyosisye kwa upole, machozi yakimtoka. "Hapo pana mwenyewe."

Tusekile akamshika mtoto mkono, wakarudi nyumbani. Hakuja tena, wala wenzake hawakuja. Ndani vitambaa vikaendelea kuongezeka, mpaka Anyosisye naye akafa, na hakubaki hata mmoja wa kumtandikia chake.

Basi nyinyi mnaonipenda, siku nikifa msinililie kwa vitambaa. Kigoda changu hiki kikaliwe.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni.