Bi Kishingo na Waliokuja na Sufuria

Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa na nyumba zao na funguo mkononi, paliishi Bi Kishingo na mumewe, Bwana Kuchi. Bi Kishingo alikuwa kuku mdogo, shingo tupu bila unyoya. Mumewe alikuwa jogoo wa kujaa mlango, ila akili zake zote ziliishia kwenye undu, ule mwekundu wa kichwani. Msicheke, nyumba za namna hiyo bado zipo.

Kijijini hapo palikuwa na sheria. Mzima haliwi na jirani yake. Lakini aliyeugua hata akashindwa kusimama, huyo huchinjwa upesi asije akafa kibudu, nyama ikapotea bure.

Asubuhi moja Bwana Kuchi hakuwika. Alijikunyata kando ya jiko, mabawa yamelegea kama kanga iliyoanikwa.

"Wapi panauma?" Bi Kishingo akauliza.

"Kila mahali."

"Kila mahali si mahali. Geuka."

Akatazama kinyesi: si cha kijani. Akatazama shingo: haijapinda. Basi si mdondo, ule ugonjwa unaofagia banda zima. Akatega sikio kifuani: hakoromi. Kisha akabonyeza gole, pale chini ya koo chakula kinapongoja zamu yake. Gumu kama embe bichi.

"Umekula nini?"

Bwana Kuchi akatazama ukuta. "Gunia."

"Gunia la nini?"

"Gunia lenyewe. Mahindi yalikwisha, nyuzi zikabaki na harufu."

Mara mlangoni, hodi, hodi. Wakaingia Nyegere, mwenye mikono kama michi, na Ngawa, ambaye harufu yake hutangulia salamu. Hawakusikia jogoo akiwika, wamekuja kumjulia hali mgonjwa. Nyegere kashika kisu. Ngawa kabeba sufuria ya maji, na chupa ya mafuta ya nazi kwapani.

"Pole, jirani," akasema Ngawa. "Anaweza kusimama?"

Bwana Kuchi akajaribu. Akaanguka, puu.

"Basi tumsitiri," akasema Nyegere, akaanza kunoa kisu kizingitini, kwacha, kwacha.

"Mke wangu," Bwana Kuchi akanong'ona, "waache tu wanichinje."

"Kula gunia hukuniuliza. Kufa utaniuliza."

Bi Kishingo alijua kwa nguvu hatawaweza. Kidole kimoja cha Nyegere kingemlaza. Akawageukia.

"Mchinjeni. Ila gole limejaa nyuzi zilizooza. Kisu kikipita hapo, sufuria nzima itanuka. Mtakula?"

Ngawa akakunja pua. Ngawa huyo huyo. "Tufanyeje, bibi?"

"Lisafishwe angali hai. Wewe chochea moto, maji yawe vuguvugu, yasichemke. Na wewe Nyegere, weka kisu, mshike. Taratibu, huyo si mzinga wa nyuki."

Wakashika kazi. Bi Kishingo akamnywesha mumewe maji matone matone, kisha mafuta ya Ngawa, kisha akasugua gole. Akasugua mpaka mabawa yakafa ganzi. Jua likapanda, likapinda.

"Bado?" Nyegere akauliza, jasho linamchuruzika.

"Mwenye njaa hachoki. Sugua wewe sasa."

Nyegere akasugua. Ngawa akasugua. Maji yakaongezwa, mafuta yakaongezwa. Bi Kishingo akabonyeza tena: embe limeiva.

"Mwinamisheni kichwa, upesi."

Kweee, pwaa! Bonge la nyuzi likatua sakafuni.

"Sasa yu safi," akasema Nyegere, akanyoosha mkono kwenye kisu. Bi Kishingo alikuwa amekikalia.

"Wika," akamwambia mumewe.

"Koo linaniuma."

"Wika, au nakuchinja mimi."

Bwana Kuchi akasimama kwa miguu yake miwili. "Kokoikoooo!"

Kutoka nyumba hii hadi ile majirani wakaitikia: "Jogoo kapona! Jogoo kapona!" Kijiji kizima kimesikia, na mzima haliwi. Nyegere akamtazama Ngawa. Ngawa akatazama chupa yake, mafuta yamebaki nusu.

Bi Kishingo akawafungulia mlango.

"Ahsanteni kwa kuniuguzia mume. Sufuria chukueni. Mafuta yaacheni, atasuguliwa tena jioni."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, wajukuu zangu, nendeni mkalale nayo: mgonjwa hapimwi na aliyekuja na sufuria.