Mwamba wa Kalage Unauzwa

Sogeeni karibu, na mwenye haraka aende zake sasa hivi, maana ninachowapa leo si hadithi ya kulalia. Nina kesi mkononi imenishinda, na mimi si mtu wa kushindwa na kesi.

Huko juu milimani Upare, wanakolima tangawizi mpaka ukingoni mwa korongo, palikuwa na machimbo ya mawe ya Mzee Kalage. Misingi ya nyumba, kuta za zahanati, ngazi za kanisa na za msikiti, mawe yote yalitoka pale. Wafanyakazi walikuwa wengi, ila watatu ndio waliokuwa roho ya mahali hapo, na nitawataja mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa Nambike, mama wa makamo, naye alipewa sikio. Aligonga jiwe kwa nyundo ndogo, akainamisha kichwa, kisha akakwambia ndani kuna ufa au hakuna, na kama upo unaishia wapi. Mwanzoni wanaume walimbishia. Wakapasua mawe kumi ili wamuumbue, wakaumbuka wao.

Wa pili alikuwa Senkoro, naye alipewa mkono. Kwa tindo na nyundo aligonga taratibu, taratibu, mpaka jiwe likaachana kama muhogo uliochemka. Siku moja walimwekea kikombe cha chai juu ya jiwe analolipasua. Jiwe likapasuka, chai haikumwagika. Mnaniuliza kikombe kilibaki upande gani? Upande wa mwenye chai, acheni uchokozi.

Wa tatu alikuwa Mgonja, naye alipewa kutulia. Si kwamba alikuwa na nguvu kuliko wote, vijana walimwangusha mweleka mara nyingi tu. Lakini akishaegemeza mtaimbo chini ya jiwe, jiwe halishuki mpaka aambiwe aliachie. Nzi akimtua puani, atachoka nzi.

Sasa, Mzee Kalage vumbi lilikuwa limemwingia kifuani. Daktari akamwambia akitaka kuishi aache mawe, ateremke akakae kwa binti yake tambarare. Watoto wake hakuna aliyeyataka machimbo. Basi akapigilia ubao barabarani: machimbo yanauzwa, na kazi inaendelea. Akatokea mnunuzi wa mjini, Bwana Ulomi, wakapatana aje Jumatatu. Bwana huyo alisema wazi kwamba ataleta mashine ya kusaga kokoto na watu wake mwenyewe. Wale watatu waliposikia hivyo walijua kwamba kilichobaki kwao ni kwenda kulima vibarua katika tangawizi za watu.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa. Ninyi mnajua, ng'ombe hapelekwi mnadani na tope mgongoni, ni aibu kwa mwenye ng'ombe. Mzee Kalage akasema na mwamba nao uoshwe. Ikapigwa mbiu ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya Wapare, na watu wakafurika na ndoo. Wakafungulia maji kutoka ndiva, bwawa la kijiji, wakamwaga na kusugua Jumamosi nzima. Niambieni, nani aliwahi kuosha mlima? Mwamba uling'aa, lakini udongo uliokuwa umeyashika mabamba ya mawe uliondoka na maji. Hakuna aliyeliwaza hilo, wote walikuwa wakiusifia mng'aro, hata Nambike mwenyewe.

Jumatatu Bwana Ulomi akafika, akausifu mwamba mpaka Mzee akavimba kichwa. Mzee akasogea chini ya mwamba ili amwonyeshe mgeni mshipa mzuri wa jiwe. Bamba la ukubwa wa milango miwili likateleza, likaangukia jiwe jingine na kuliegemea. Mzee akabaki katika mwanya chini yake, mguu umebanwa. Sauti yake ilisikika, na bamba lilikuwa linaendelea kushuka kidogo kidogo.

Vijana wakaja mbio na kamba ili walivute. Nambike akasimama mbele yao, akawakataza wasiliguse. Akalala kifudifudi juu ya bamba lile lile linaloshuka, akawa anagonga na kusikiliza, anagonga na kusikiliza. Alipoinuka alikuwa na kipande cha mkaa mkononi, akachora mstari. "Mkivuta linamshukia," alisema. "Likatwe, na likatwe hapa tu."

Lakini nani angelizuia lisishuke wakati linakatwa? Mgonja hakuulizwa. Alipenyeza mtaimbo pale Nambike alipomwonyesha, akaweka bega chini yake, akatulia. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Wenzake wakataka kumpokea akakataa, kwa sababu kubadilisha bega kungelitikisa jiwe. Damu ikamtiririka mpaka kiunoni, na jua likafika utosini akiwa vile vile. Mimi nikibeba debe la maji kutoka hapa hadi pale nalalamika wiki nzima.

Na Senkoro akapiga magoti kwenye mstari wa mkaa. Pigo zito lingeliangusha bamba zima, pigo hafifu mno lisingefanya kitu. Akapiga mapigo ya katikati, yote sawasawa, mamia kwa mamia, huku akisikia Mzee anaita jina la marehemu mkewe. Mkono haukuongeza kasi hata mara moja. Adhuhuri bamba likaachana kwenye mstari, nusu ya nje ikaangukia nje, wakamtoa Mzee na mguu uliovunjika na uhai wake. Bwana Ulomi, aliyekuwa akibeba maji ya kunywa muda wote, alilia mbele za watu bila kujificha. Alisema amenunua machimbo miaka ishirini, hajaona watu kama hawa.

Siku ya tatu Mzee Kalage akaita kikao kitandani pake. Akasema machimbo hayauzi tena, anampa bure mtu aliyemwokoa. Ulomi akakubali kuwa ni haki, ila naye alikwisha kuahidiwa. Akasema atarudi Ijumaa, na akikuta machimbo hayana mwenyewe, atanunua yeye. Mzee akaridhia.

Watu wakasema wapewe wote watatu, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Mzee akatikisa kichwa. Akawakumbusha kwamba zamani machimbo yale yalikuwa ya ndugu wawili. Siku moja mmoja aliamuru watu watoke, mwingine akaamuru waendelee. Kaka yake Kalage, aliyekuwa kibarua wao, alisimama chini ya mwamba akingoja wakubaliane, nao mwamba haukungoja. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama," alisema Mzee. "Mwamba huu ni wa mtu mmoja. Na kura sitaki. Nitajieni jina, na sababu yake."

Wakaulizwa wenyewe. Nambike akasema bila yeye wangelivuta lile bamba na kumuua Mzee kwa mikono yao wenyewe. Mgonja akasema bila bega lake mstari wa mkaa ungechorwa juu ya maiti. Senkoro akasema wangesikiliza na kushikilia mpaka leo, na Mzee angekuwa bado yuko chini. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

Kikao kikakesha siku mbili bila jibu, mwisho kikanikabidhi mimi kesi hii. Kesho ni Ijumaa, na gari la Ulomi limekwisha kuanza kupanda mlima.

Mimi nikisema Nambike, nalikumbuka bega la Mgonja, naona haya. Nikisema Mgonja, nausikia mkono wa Senkoro ukigonga. Nikinyamaza, nimeyauza mimi machimbo, na wote watatu wanachukua majembe kwenda shamba la mtu.

Haya, wewe hapo unayetabasamu kana kwamba ni rahisi. Nitajie jina moja. Kisha wageukie wale wawili waliobaki, uwatazame usoni, uwaambie kwa nini si wao. Ni nani?