Kamera Isizimwe

Bwana Kihiyo, meneja, aliwaamuru wafanyakazi waliofanyia kazi majumbani mwao wawashe kamera za kompyuta kutwa, picha na sauti. Atakayezima, kazi hana.

"Bosi, hapa ni kwangu," alisema Zamda wa Tanga. "Nakula na kusali humuhumu."

"Kama huna la kuficha, unaogopa nini?"

"Haya. Ila na wa kwangu watakuona."

"Wanione tu!"

Kesho yake meneja akamkuta kwenye kioo cha kompyuta bibi kizee kaketi kando ya Zamda, kamkodolea macho. Ikambidi amwamkie.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula? Mbona umekonda hivyo? Mke huna?"

"Bibi, niko kazini."

"Kazi gani, nawe umekaa tu unatutazama?"

Wafanyakazi wote walisikia kwenye kompyuta zao, wakaangua kicheko. Kila alipochungulia, bibi alimdaka kwa swali jingine. Kabla ya adhuhuri amri mpya ikatoka: kamera zote zizimwe.

Bibi alisikitika sana. Jana yake Zamda alikuwa amemfuata Pangani akamwambia, "Bosi wangu ni mpweke, bibi, anashinda akitazama watu. Njoo umzungumzishe."

"Maskini," bibi alisema, kioo kilipozima. "Sasa atamtazama nani?"