Aliyebuni Uji wa Rejeta

Lori kuukuu la dizeli lilipochemka, rejeta ilikutwa imejaa uji mzito. Mwenye lori, Bwana Chengula, akamfunga kwenye bampa beberu wa Ndelwa, dereva wake.

"Aliyechanganya kulanti ya kupozea injini, nyekundu na ya kijani, hadi ikaganda hivi, analipa beberu," alisema. "Na ni wewe."

Ndelwa akachovya kidole kwenye uji, akakinusa. "Mchukue, bosi. Ila uji huu umeziba lile tundu lililokuwa likivuja tangu masika. Mafundi wote walishindwa. Aliyeubuni ana akili kuliko mimi."

Majirani wakasogea kutazama.

Chengula akakohoa. "Kusema kweli, nilichanganya mwenyewe. Kwa vipimo vyangu."

"Tundu limeziba kweli, pamoja na rejeta nzima," Ndelwa alisema, akimfungua mnyama wake. "Wewe, bosi, unafuga beberu?"